Msamaha ni wa Nani? Maneno juu ya Kumwombea Huruma Aliyehukumiwa Kufa

Watu wazima wa Iringa hawahitaji kukumbushwa habari ya Isimani, lakini waliozaliwa nyuma huisikia vipande vipande, basi yafaa kuanza nayo. Siku ya Jumamosi, tarehe 25 Desemba 1971, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Daktari Wilbert Klerruu, alifika katika shamba la mkulima mmoja wa Isimani, jina lake Said Abdallah Mwamwindi. Siku zile Serikali ilikuwa imeishika kwa nguvu kazi ya kuwakusanya watu katika vijiji vya ujamaa, na Isimani, nchi ya mahindi iliyo kaskazini ya mji, ilikuwa na wakulima wakubwa walioona mashamba yao yakiingizwa katika vijiji hivyo. Maneno yakazidi baina ya wawili hao, na Mwamwindi akachukua bunduki akampiga Mkuu wa Mkoa, akafa. Kisha akaupakia mwili katika gari ya marehemu mwenyewe, akaiendesha mpaka kituo cha polisi cha Iringa, akajitoa. Mwaka 1972 alishitakiwa mbele ya Jaji Onyiuke wa Mahakama Kuu, mjini Iringa. Alidai kwamba alighadhibishwa. Dai hilo halikumwokoa. Akaonekana na hatia ya kuua kwa kukusudia, akahukumiwa kunyongwa. Akanyongwa.

Baina ya kuhukumiwa na kunyongwa pana mlango mmoja ambao watu wengi hawaujui. Hukumu ya kifo haitimizwi kwa kauli ya jaji peke yake. Jaji akisha kuhukumu, sheria yamlazimisha kupeleka kwa Rais nakala ya ushahidi uliosikilizwa, pamoja na taarifa yenye sahihi yake mwenyewe, na humo aseme lolote aonalo kuwa lafaa kusemwa. Aliyehukumiwa naye aweza kuandika, au kuandikiwa. Jamaa zake waweza. Watu wa mji wake waweza. Kisha Rais hutazama, na akipenda husamehe, au hugeuza kifo kuwa kifungo, au huiacha hukumu ipite. Uwezo huo umeandikwa katika Ibara ya 45 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, nao ulikuwako kabla ya Katiba hiyo. Basi kesi ya Isimani ilipokwisha, aliyekuwa amekaa mlangoni hapo alikuwa Mwalimu Julius Nyerere. Na aliyeuawa alikuwa mjumbe wake, aliyemteua yeye, na aliyefikwa na mauti katika kutimiza siasa yake.

Hapo ndipo lizukapo swali la karatasi hizi. Si swali la kwamba Mwamwindi alistahili kamba au hakustahili. Hilo mahakama ilikwisha kulinena, na wafu wote wawili wako mbele ya Hakimu asiyehitaji taarifa ya jaji. Swali ni hili: msamaha ule ulikuwa mali ya nani? Kama ni mali ya Rais, basi aweza kuutoa na kuuzuia apendavyo, na mwenye kuuomba ni mfano wa mtu aombaye sadaka mlangoni pa tajiri. Kama ni mali ya mjane na watoto wa aliyeuawa, basi Rais amekabidhiwa kitu cha wengine, na amana ina masharti yake. Kila mtu atiaye sahihi chini ya barua ya kumwombea mfungwa amekwisha kulijibu swali hili, ijapokuwa hajui kwamba ameulizwa.

Mlango huo haukuchongwa hapa. Ulikuja na Waingereza walipokabidhiwa Tanganyika baada ya Vita vya 1914–1918, Gavana akapewa uwezo wa kusamehe kwa jina la Mfalme. Na ilipokuwa Jamhuri, tarehe 9 Desemba 1962, uwezo ule ukahamia kwa Rais. Kwa hiyo atakaye kuijua tabia yake na atazame kule ulikotoka, hasa zama za wale wafalme wanne walioitwa George, tangu 1714 hata 1830, maana ndipo barua za kuomba huruma zilipojaa katika maofisi ya London kama mahindi ghalani.

Zama hizo sheria ya Uingereza ilikuwa kali kupita kiasi. Mwanzoni mwa karne ya 19 makosa yenye adhabu ya kifo yalipita 200, na mengi katika hayo hayakuwa ya damu: kuiba kondoo, kuiba dukani bidhaa ya shilingi tano, kughushi hati ya fedha. (Watu waisikiao leo hukumu ya mwizi katika Sharia wakashika vichwa, na wakumbuke kwamba katika London ya mwaka 1800 mwizi wa kondoo alihukumiwa kunyongwa.) Jaji hakuwa na hiari, kosa likithibiti, hutamka kifo. Lakini watu wa nchi ile, na majaji wenyewe, walijua vyema kwamba haiwezekani kumnyonga kila aliyeiba kondoo. Basi wakaiacha sheria na ukali wake, na huruma wakaiweka nje ya mahakama, mkononi mwa Mfalme. Barua ya kumwombea mtu ikifika kwa Waziri, humpelekea jaji aliyeisikiliza kesi ili alete taarifa yake, kisha Mfalme huamua. Walio wengi waliponywa na kamba, na wengi wa walioponywa walipelekwa ng'ambo, kwanza Amerika, na tangu mwaka 1787 Australia. Muuaji tu ndiye aliyefungiwa nafasi hiyo, au karibu na kufungiwa, kwani sheria ya mwaka 1752 iliamuru anyongwe kesho kutwa ya kuhukumiwa, ila ikiwa siku hiyo ni Jumapili. Ni barua gani itakayoandikwa, itiwe sahihi, ifike na ijibiwe katika siku mbili?

Mambo yaliyoandikwa katika barua zile yalikuwa yakifanana. Kwamba huyu ni kijana. Kwamba hili ni kosa lake la kwanza. Kwamba ana mke na watoto wadogo watakaobaki bila ya mtu. Kwamba alisukumwa na njaa. Kwamba shahidi fulani ni mwongo. Na chini yake majina: kasisi wa mtaa, mwenye shamba, bwana aliyekuwa akimfanyia kazi. Majina hayo yalikuwa na uzito mkubwa. Maskini aliyekuwa mgeni katika mji, asiye na bwana wala kasisi amjuaye, alikuwa na udhuru uleule wa njaa na watoto, lakini hakuwa na mtu wa kuuandika katika lugha iwezayo kupenya ofisini.

Habari mbili za zama hizo zastahili kusimuliwa. Ya kwanza ni ya William Dodd, kasisi na mhubiri mwenye sifa, aliyewahi kuhubiri mbele ya Mfalme. Alipoelemewa na madeni alighushi hati ya pauni 4,200 kwa jina la bwana mkubwa aliyekuwa mwanafunzi wake. Alipohukumiwa kufa mji wa London uliinuka kumwombea. Mwanachuoni mashuhuri Samuel Johnson alimwandikia maombi yake, na barua moja ikatiwa sahihi za watu 23,000. Mfalme George wa Tatu akakataa, na tarehe 27 Juni 1777 Dodd akanyongwa. Na iliyosemwa kuwa ndiyo sababu ya kukataa ni hii: mwaka uliotangulia ndugu wawili wa jina la Perreau walinyongwa kwa kosa la namna hiyohiyo, basi mhubiri akisamehewa, itakuwa wale wawili hawakunyongwa kwa sheria bali waliuawa tu.

Ya pili ni ya mpishi mmoja kijana, Elizabeth Fenning. Mwaka 1815 alishitakiwa kwamba alitia sumu katika chakula cha bwana zake. Hapana aliyekufa, na yeye mwenyewe alikula chakula kile akaugua pamoja nao. Ushahidi ulikuwa dhaifu, na watu wengi walisema hivyo kwa sauti kubwa, wakaandika, wakaomba. Alinyongwa tarehe 26 Julai 1815, na maelfu ya watu wakaifuata jeneza yake.

Barua zote mbili zilikataliwa, walakini si barua za namna moja. Ya Dodd ilisema: huyu ni mtu wetu, mwenye cheo na elimu, msimtendee kama mnavyowatendea wengine. Ya Fenning ilisema: mahakama haikuona sawasawa, tazameni tena. Ile ya kwanza yaomba mizani iinamishwe. Hii ya pili yaomba mizani ifutwe vumbi. Wenye kuchanganya mambo mawili haya, wakayaita yote "huruma," hufanya kosa lililo baya kuliko wanavyodhani, kwani Mfalme aliyezoea kukataa ombi la cheo hukataa na ombi la haki kwa mkono uleule.

Waislamu wana neno lao la jambo hili, nalo ni shafaa, yaani kuombea. Katika Sura ya Nisaa, aya ya 85, wamefundishwa kwamba mwenye kuombea kwa wema atapata fungu katika wema huo, na mwenye kuombea kwa ubaya atapata mzigo katika ubaya huo. Msomaji na aangalie: aya haikusema kuwa kuombea ni jambo jema. Imeligawa mara mbili, na mwenye kufungua kinywa ameambiwa kwamba atakuwa na sehemu katika litakalotokea.

Na mfano wake ni ile habari ya mwanamke wa Bani Makhzum, watu wakubwa katika Makureshi, aliyeiba. Jamaa zake waliona haya mwanamke wa nasaba yao akatwe mkono, wakatafuta mwombezi, wakampata Usama bin Zaid, kijana aliyependwa sana na Mtume (S.A.W.). Usama akasema nao. Mtume akaghadhibika, akamwuliza kama anaombea katika mipaka aliyoiweka Mungu; kisha akasimama mbele ya watu akaeleza kwamba waliotangulia waliangamia kwa sababu mtukufu akiiba walimwacha, na mnyonge akiiba walimwadhibu, akaapa kwamba hata angekuwa Fatima binti yake ndiye mwizi, hukumu ingekuwa ileile. Jamaa wa yule mwanamke hawakusema kwamba ushahidi ulikuwa mbaya, wala kwamba alikuwa na njaa. Walisema tu kwamba ni wao. Ni barua ya Dodd hasa, isipokuwa haikuandikwa kwa wino.

Juu ya hayo, Mtume huyo huyo aliwahimiza Sahaba zake waombeane mbele yake, nao wapate thawabu. Na mtu mmoja, Safwan bin Umayya, aliibiwa shuka yake hali amelala msikitini. Mwizi akaletwa, ikapitishwa hukumu. Safwan akaingiwa na huruma, akasema hakutaka haya, na shuka amempa. Akajibiwa: mbona hakufanya hivyo kabla ya kumleta? Katika jibu hilo mna mambo mawili. La kwanza, kwamba mwenye mali alikuwa na haki ya kusamehe, na hakuna aliyemlaumu kwa kuwa na huruma. La pili, kwamba neno likisha kufika kwa hakimu lageuka kuwa la watu wote.

Lakini hayo ni ya wizi. Katika kuua, mambo ni mengine, na hapa ndipo Sharia ipozitenga njia zake na njia ya wale wafalme wa London. Mwenye kuuawa kwa dhuluma, warithi wake wamepewa mamlaka: watake kisasi, au wapokee dia, au wasamehe bure, na hili la mwisho limesifiwa. Katika madhehebu ya Imam Shafii, yafuatwayo na Waislamu walio wengi katika nchi hizi, warithi hao ni wote, wanaume na wanawake. Na mmoja wao akisamehe, hata akiwa ni mjane au binti, kisasi kimeanguka, na waliobaki hawana ila fungu lao la dia. Tena, ikiwa katika warithi yumo mtoto mdogo, muuaji hufungwa na kungojewa mpaka mtoto abaleghe aulizwe shauri lake. Na tuseme mtoto ana miaka mitatu: hukumu yangoja miaka kumi na zaidi, kwa sababu tu mtoto aliyefiwa na baba hajaweza kusema. Na ilinganishwe na ile kesho kutwa ya Waingereza.

Sheria ya jinai ya Tanzania si Sharia, wala karatasi hizi hazikuandikwa kutaka iwe. Kinachotafutwa hapa ni swali ambalo sheria moja imeliuliza na nyingine haikuliuliza. Katika Ibara ya 45 mna uwezo wa Rais, na namna za msamaha, wenye masharti na usio na masharti. Hamna neno la mjane.

Tena isidhaniwe kwamba Waislamu waliliona jambo hili kuwa jepesi. Mwaka 23 wa Hijra, yaani 644, Khalifa Umar alipochomwa kisu na Abu Lulua, mwanawe Ubaidullah alisikia ya kwamba Hurmuzan, jemadari wa Kiajemi aliyesilimu na kukaa Madina, alikuwa katika shauri la kumwua baba yake. Hakungoja hakimu. Akamwua Hurmuzan, akamwua na mtu mwingine, na binti mdogo wa Abu Lulua. Umar akafa, Uthman akawa Khalifa, na kesi ya kwanza mbele yake ikawa hiyo. Ali alishika kwamba Ubaidullah auawe, kwani damu ya Mwajemi aliyesilimu ni damu. Wengine wakaona vibaya: jana ameuawa Umar, leo auawe mwanawe? Uthman, kama isimuliwavyo katika riwaya iliyo mashuhuri, akasema kwamba Hurmuzan hana mrithi, na asiye na mrithi, mtawala ndiye mrithi wake. Basi yeye amegeuza kisasi kuwa dia, na dia ataitoa katika mali yake mwenyewe. Katika riwaya nyingine ni mtoto wa Hurmuzan aliyesamehe.

Habari hii yafaa kupimwa polepole. Uthman alikuwa mtawala kama Rais alivyo mtawala, tena alikuwa na sababu za siasa za kutosha za kumwacha mwana wa Umar. Hata hivyo hakusema: nasamehe kwa kuwa mimi ni Khalifa. Alitafuta kwanza haki yake ya kusamehe imetoka wapi, akaipata katika urithi wa asiye na mrithi. Na alipoitumia, alilipa. Msamaha wake ulimgharimu. Na bado Ali hakuridhika, na hoja zake zilikuwa na nguvu, kwani kumfanya mtawala kuwa mrithi wa wanyonge ni kumpa mtawala mlango wa kuwasamehe wakubwa kwa damu ya wadogo. Baina ya wawili hao hapana mjinga. Jambo lenyewe ndilo zito.

Sasa turudi Isimani. Daktari Klerruu hakuwa mtu asiye na jamaa. Lakini sheria haikuwauliza, na barua yoyote ambayo ingeandikwa isingepelekwa kwao, ingepelekwa Ikulu. Na Ikulu alikuwamo mtu aliyekuwa na jeraha lake mwenyewe katika kesi ile. Mwalimu angesamehe, wangetokea wa kusema kwamba amewauza wakuu wake wa mikoa, na kwamba sasa kila mwenye bunduki na shamba aweza kuikataa Serikali. Asingesamehe, wangetokea wa kusema kwamba siasa imejilipia kisasi. Huko ndiko kulaumiwa kwa mtu aliyewekwa mahali pa mrithi hali yeye si mrithi, na mahali pa hakimu hali yeye ni mwenye kesi. Si kosa lake; ndivyo mlango ulivyochongwa.

Wako watakaosema kwamba mtawala aliyejeruhiwa ndiye hasa awezaye kusamehe, kwa kuwa jeraha ni lake. Na watataja Ali mwenyewe, alipopigwa upanga wa sumu na Ibn Muljam mwaka wa 40 wa Hijra. Husimuliwa kwamba aliagiza mfungwa apewe chakula na kulazwa vizuri. Akipona atajua mwenyewe la kumfanya. Akifa, basi apigwe pigo moja kama alivyopiga yeye, asikatwekatwe. Ndivyo, lakini msomaji na aone Ali alijitengea nini. Jeraha la mwili wake alilifanya lake, muda wa kuwa hai. Alipofikiri mauti, aliwaachia warithi wake haki yao na kuwawekea mpaka. Hakusema kwamba aliyempiga Khalifa ameipiga dola, basi dola nzima na imrarue. Mwenye kupigwa risasi Isimani hakuwa Rais. Rais alipoteza mtumishi. Wako waliopoteza mume na baba, na hasara mbili hizo si moja.

Pana hoja ya upande wa pili, nayo lazima itolewe kwa uaminifu. Ukiwapa warithi ufunguo wa msamaha, tajiri ataununua. Ataua, kisha atatuma wazee na ng'ombe na fedha. Na mjane mwenye watoto wanne na jembe moja atasema nini? Au atatishwa na jamaa wa muuaji wanaoishi mtaa mmoja naye. Hili hutokea, na nchi zenye sheria ya dia zimelijua. Kwa sababu hiyo Imam Malik aliona kwamba muuaji wa kusudi aliyesamehewa na warithi bado ana deni kwa watu wote: apigwe mijeledi mia na afungwe mwaka. Yaani warithi wana fungu lao, na mji una fungu lake, na mmoja hawezi kutoa cha mwenziwe. Kasoro ya desturi iliyorithiwa kutoka London si kwamba imempa mtawala fungu. Ni kwamba imempa yote mawili.

Matokeo yake yalionekana mjini Dodoma tarehe 9 Desemba 2017, katika sherehe ya Uhuru. Rais John Magufuli alitangaza msamaha kwa wafungwa 8,157, na katika hao 1,828 watoke siku ileile. Tena akawasamehe 61 waliokuwa wamehukumiwa kufa. Karibu miezi mitatu kabla yake alikuwa amekwisha kusema hadharani jinsi ilivyo kazi nzito kutia sahihi watu wanyongwe. Tangu mwaka 1994 Tanzania haijamnyonga mtu, na hapana haja ya kuwaonea choyo waliopona. Lakini siku hiyohiyo walitolewa waimbaji wawili, baba na mwanawe, Nguza Viking na Johnson Nguza, waliofungwa maisha mwaka 2004 kwa kuwanajisi watoto wa shule. Watu wengi walishangilia. Walikuwako waliosema tangu zamani kwamba kesi ile haikuendeshwa sawasawa, na mwezi Machi 2018 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu iliyoko Arusha ilikuta kwamba haki zao za kusikilizwa zilivunjwa katika baadhi ya mambo. Ikiwa ni hivyo, waliostahili si msamaha bali kusikilizwa upya kwa haki, kama Elizabeth Fenning. Na ikiwa si hivyo, wale watoto, waliokuwa watu wazima siku ile, walikuwa na neno la kusema kabla ya shangwe. Kwa vyovyote viwili, msamaha ulilifunika swali badala ya kulijibu. Tena katika maelfu yale ya wafungwa, majina yaliyojulikana mitaani yalikuwa ya waimbaji.

Haya yote yana mzizi mmoja, nao ni sheria isiyompa jaji hiari. Kama London ya zamani, sheria ya Tanzania ilimwamuru jaji atamke kifo kwa kila aliyeua kwa kukusudia, awe jambazi wa barabarani au mzee aliyemwua mwanawe mwendawazimu baada ya miaka ishirini ya mateso. Mahakama ile ya Arusha, katika hukumu ya tarehe 28 Novemba 2019, ilisema kwamba kumfunga jaji mikono hivyo ni kuvunja haki ya uhai, maana kwamwondolea mtu nafasi ya kutazamwa hali yake. Jaji akifungwa mikono, hali ya mtu hukosa pa kusemwa ila katika barua ya kuomba huruma. Kwa hiyo barua hiyo si sadaka. Ni ule ushahidi uliokosa nafasi mahakamani. Na aandikaye barua hiyo ajue kwamba anatoa ushahidi. Asiseme asilolijua, wala asizidishe machozi juu ya ukweli.

Basi na ichukuliwe kwamba mtu wa kijiji kimoja cha Rungwe au cha Mbozi amehukumiwa na Mahakama Kuu kule Mbeya, na jamaa zake wamekuja baada ya sala ya Ijumaa kwa imamu wa msikiti, wana karatasi, wanataka atie sahihi yake na awatafutie sahihi za wazee. Imamu hapaswi kukataa. Kuombea ni katika mema. Lakini kabla ya kushika kalamu yampasa kuuliza. Ni jambo gani la mtu huyu ambalo mahakama haikulisikia, au ililisikia ikakatazwa na sheria kulipima? Kama lipo, na liandikwe hilo, kwa maneno machache na majina ya wenye kulijua. Kama halipo, na jamaa wasema tu kwamba ni mtoto wa watu wema, basi watu wema wako pia upande wa kaburi. Na kama mfungwa ni mgeni asiye na ukoo, aliyekuja kulima vibarua akaachwa peke yake, huyo ndiye imamu amtafute mwenyewe, asingoje kuletewa karatasi.

Kisha, kabla ya sahihi ya kwanza, kuna nyumba moja ya kwendewa. Haiendewi na jamaa wa muuaji kundi zima, wala kwa bahasha ya fedha, kwani huko ni kutisha au kununua. Aende imamu na mzee mmoja anayeaminiwa na pande zote, wakae chini, wawaambie waliofiwa kwamba barua inaandikwa kwenda kwa Rais, na kwamba wao hawakuulizwa na sheria, lakini wanaulizwa sasa. Wakisema wamesamehe, na liandikwe. Wakisema hawasamehi, wasihubiriwe wala wasilaumiwe, maana kusamehe ni fadhila na kisasi kilikuwa haki. Na neno lao hilo la kukataa liandikwe katika barua ileile, chini ya udhuru wa mfungwa, lisifichwe, ili mtu atakayeifungua kule Dodoma ajue deni analotaka kulisamehe ni la nani, na mwenyewe amesema nini.